Wodi Inauliza Kama Umeshuka

Yazd, Jumamosi, 9 Oktoba 1993

Dada yangu Farangis,

Salaam nyingi zikufikie hapo Rasht, wewe na magoti yako. Yanaendeleaje? Mimi ni mzima, ila midomo imekauka kama ganda la kitunguu. Nadhani huko mvua bado inapiga mabati. Hapa hakuna hata umande.

Nimefika leo asubuhi, baada ya saa kumi na sita ndani ya basi. Najua tuliachana vibaya. Ulisema mwanamke wa miaka hamsini na minane anayekwenda peke yake kutazama vumbi ana kasoro kichwani. Labda ninayo. Lakini nisikilize kwanza.

Nilishuka kituoni na mwavuli mkononi, kwa mazoea tu. Muuza vitumbua mmoja akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Mama, huo mwavuli unamngoja nani? Mvua ya mwisho ilipita hapa mwaka juzi, na haikumsalimia mtu." Nilicheka peke yangu barabara nzima.

Dada, mji wote una rangi moja, rangi ya mkate ulioiva vizuri. Juu ya mapaa imesimama minara ya kunasa upepo, mirefu, yenye midomo wazi. Nyumba niliyopanga chumba ina mmoja. Nimesimama chini yake, upepo ukashuka ukanivua shungi. Miaka ishirini na tisa nimefundisha jiografia, kila mwaka nikiuchora mnara huo ubaoni, wala sikujua kwamba una sauti. Unajikohoza, kama mzee anayetaka kusema jambo.

Milango ya zamani ina vyuma viwili vya kubishia hodi, kizito cha wanaume na chepesi cha wanawake. Mimi nikagonga kizito. Wanawake wote ndani wakakimbilia baibui zao. Mwenye nyumba, Mama Gowhar, akafungua akanikuta. "Kumbe ni wewe tu," akasema. "Umetukimbiza bure."

Nina furaha, Dada. Niandikie upesi, hata kama ni kunitukana.

Mdogo wako,
Mahrokh

Yazd, Jumatano, 13 Oktoba

Dada Farangis,

Hujambo? Unalala vizuri? Nauliza kwa sababu nilipiga simu kwa jirani yetu Turan, akaniambia umekwenda sokoni. Sawa, sokoni. Basi soma hii ukirudi.

Nataka nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Mwaka wangu wa kwanza wa ualimu, nilikuwa nawafundisha wasichana kuhusu kanati, ile mifereji ya chini ya ardhi inayoleta maji kutoka mlimani mpaka mjini hapa. Mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, wewe umewahi kuiona?" Nikamjibu, "Nimeshuka mwenyewe." Sijui kwa nini nilisema hivyo. Mwaka uliofuata nikarudia, na uongo ukawa unanenepa. Mara kulikuwa na samaki weupe, mara maji yalinifika kifuani. Miaka ishirini na tisa, Dada. Ndicho kilichonileta huku.

Sasa ona bahati. Mume wa Mama Gowhar, Fundi Heydarali, ni mchimba kanati. Jana wakati wa chakula nikamwomba anishushe. Akachovya mkate kwenye supu. "Mwanamke hashuki."

"Huyu si mwanamke," Mama Gowhar akasema. "Ni mwalimu."

"Na mwalimu akianguka, nani atajieleza serikalini?"

"Nitajieleza mwenyewe," nikasema.

Akacheka mpaka supu ikamwingia puani. Nikamuuliza kwa nini anashuka akiwa amevaa nguo nyeupe, wakati kule ni tope tupu. Akajibu, "Ili nikibaki huko, wasihangaike kutafuta sanda. Hebu nipe hiyo chumvi."

Amesema atafikiria. Naogopa asikubali, na naogopa akikubali. Wewe ungesemaje?

Mdogo wako,
Mahrokh

Yazd, Jumapili, 17 Oktoba

Dada,

Salaam. Sitauliza habari za afya yako, maana inaonekana ni nzuri mno. Leo nimempigia Turan mara ya tatu, na bado uko sokoni. Soko gani hilo la siku nane?

Kama bado umenikasirikia, niambie. Umenilea tangu mama alipofariki, nimezoea hasira zako. Huu ukimya siujui. Fundi amekubali, lakini sina hamu tena. Nitangoja mpaka Jumapili ijayo. Nisipopata neno lako, napanda basi.

Mahrokh

Rasht, Jumatatu, 18 Oktoba

Kwa mdogo wangu Mahrokh, mwongo mkubwa,

Salaam za kwako nimezipokea, zote mbili. Turan ameniletea barua zako. Mimi sijambo. Keti chini kabla hujaendelea kusoma.

Siku ile ulipoondoka, niliteleza kwenye ngazi za ua nikavunjika nyonga. Niko hospitali. Wameshaniunga kwa chuma, na daktari anasema nitatembea, kwa hiyo usianze kulia. Turan nilimwapisha mimi asikuambie. Nilijua ungesikia tu, ungegeuza basi katikati ya njia, na maisha yako yote yaliyobaki ungekuwa unanitazama kwa jicho la mtu aliyekosa kitu kwa ajili yangu. Jicho hilo silitaki. Nilisema maneno mabaya siku ile kwa sababu niliogopa kubaki peke yangu. Nimebaki, na sijafa.

Wala siko peke yangu. Wodini tuko watano. Barua yako ya kwanza niliisoma kimoyomoyo nikacheka, wakataka kujua nacheka nini, ikabidi niwasomee. Sasa wamenigeuza redio. Muuguzi mwenyewe husimama mlangoni. Barua ya pili ndiyo imeleta balaa. Wamegawanyika. Wawili wanasema yule Fundi hatakubali. Mmoja anasema atakubali lakini wewe utaishia mdomoni mwa shimo.

Halafu yuko Nosrat, kitanda cha dirishani. Mkulima wa mpunga, mwanamke wa maneno machache. Ana uvimbe tumboni, na daktari anataka kuutoa Alhamisi ya wiki ijayo. Amekataa kutia saini. Wanawe wamembembeleza, daktari amepaza sauti, amekataa. Chumba cha upasuaji kiko ghorofa ya chini kabisa, naye anasema wanaoshushwa kule hawajui kama watapandishwa. Leo nilipomaliza kusoma, akaniuliza, "Huyo mdogo wako anaogopa?" Nikasema anaogopa sana. Akasema, "Akishuka yeye, na mimi nitashuka."

Umenisikia, Mahrokh? Hakucheka alipolisema. Kwa hiyo usirudi kabla sijakuita, na usije ukatunga. Huyu mama atajua.

Dada yako,
Farangis

Yazd, Jumapili, 24 Oktoba

Dada yangu, roho yangu,

Nyonga hiyo haijambo leo? Barua yako ilifika jana, mkoba ukiwa umeshafungwa, uko mlangoni. Nililia kwanza, samahani. Kisha nikakupigia simu hapo hospitalini, na ulichofanya unakijua. Uliniuliza, "Umeshuka?" Nikasema bado. "Sasa unanipigia simu ya nini?" Ukakata.

Basi leo nimeshuka. Wasomee taratibu.

Tulitoka na Fundi asubuhi, mpaka nje ya mji, penye visima vya kushukia kanatini, vilivyojipanga kwenda mlimani. Mama Gowhar alinivalisha suruali nyeupe za mumewe na kunifunga kiunoni kama mzigo. Shimo lina upana wa mabega tu, na kina chake ni mita thelathini. Fundi alitangulia. Kisha wanaume wawili wakaanza kulegeza kamba kwenye gurudumu lao la mbao, na ardhi ikanifikia kifuani, shingoni, juu ya kichwa.

Sikufika hata nusu nikapiga kelele wanipandishe. Sikutaka tena, Dada. Nasema kweli. Fundi akasema kutoka chini, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwalimu, usitazame chini, hakuna cha kutazama. Wala juu. Tazama ukuta."

Nikatazama ukuta. Umejaa alama za sululu, pigo baada ya pigo, kila moja imepigwa na mtu. Nikazifuata kwa kidole. Nikawaambia walegeze kamba.

Chini, Fundi aliyasalimia maji kwanza, "Salaam aleikum," kama anayeingia nyumbani kwa mtu. Nikavua viatu nikaingia. Yalinifika kwenye vifundo tu. Hakuna samaki mweupe. Na mfereji haukunyooka, Dada. Unapinda, kwa sababu kila walipokutana na jabali walilizunguka. Wasichana zaidi ya elfu moja nimewachorea mstari mnyoofu. Nilisimama ndani ya mchoro wangu mwenyewe, nikaona nilivyokosea, na sijawahi kufurahi namna ile.

Mwambie Nosrat hofu haikuisha. Nilishuka nayo, nikapanda nayo.

Barua hii nampa dereva wa basi la Rasht mkononi. Ameahidi kuifikisha kwa Turan kesho.

Mdogo wako,
Mahrokh

Rasht, Ijumaa, 29 Oktoba

Mahrokh wangu,

Salaam. Nimesimama leo, hatua nne, nikishikilia kitanda.

Barua ilifika Jumatatu jioni. Niliisoma mara moja kwa wote, kisha Nosrat akaniomba nirudie pale penye ukuta. Nikarudia mara tatu. Akaniuliza, "Alipiga kelele wampandishe?" Nikasema alipiga. Akamwita muuguzi, akaomba kalamu.

Jana saa tatu asubuhi walikuja kumchukua. Muuguzi anasema njia nzima, mpaka kwenye lifti, alikuwa ameugeukia ukuta, mkono nje ya shuka, kidole kikipita kwenye rangi. Hapa hakuna aliyegusa chakula. Adhuhuri ikapita. Yule aliyesema utaishia mdomoni mwa shimo ndiye aliyekuwa analia kuliko wote.

Walimrudisha alasiri. Daktari anasema wameutoa wote. Alipofumbua macho wanawe walikuwa wamemzunguka, lakini akanitafuta mimi. Muuguzi akasukuma kitanda changu mpaka kando ya chake, nikainama. Akasema kwa sauti ndogo, "Maji yalikuwa baridi?"

Nimeitafuta barua yako mbele na nyuma, Mahrokh. Hukuandika. Leo ameniuliza tena.

Mimi sijui la kumwambia. Njoo umjibu mwenyewe.

Dada yako,
Farangis