Chauffage Yenye Banasema Niliua

Butembo, tarehe 6 mwezi wa pili 2023

Yaya Kasereka,

Nakusalimia sana, wewe na bibi yako Joyeuse na batoto. Muguu inaendelea aje? Sisi huku tuko. Mama anakohoaka asubuhi, kisha anakunywa chai na kugombanisha kuku, donc tunajua eko muzima.

Usishangae kuona karatasi. Nilikamata simu nikupigie, Mama akakataa. Anasema neno ya simu inapita, ya karatasi nitamusomea tena kesho. Lukumani ndiye atakuletea. Anapakizaka batu Butembo–Beni kila siku, ijumaa tu anapumzika kwa kusali.

Jambo ni hii. Mama anataka kwenda Alimbongo kuona mudogo wake, Mama Faida. Hatembei tena, na banasema hatafika Pasaka. Munganga wa hospitali alisema: safari sawa, mais baridi hapana. Kifua ya Mama haitavumilia ukungu ya kule juu. Nilimutafutia gari nzuri ya kukodi. Alikataa. Ataenda na Peugeot ya Papa ao hataenda.

Ile 504 ingali inawaka. Jirani yetu Jacob anaiendeshaka siku ya misa. Kitu inakosa ni chauffage, ile ya kuleta joto ndani ya gari. Bafundi ba hapa bakifungua kapo ya moteur banacheka, banasema gari ya namna hii balishaiona kwa picha ya ndoa ya bababu zao tu. Na wewe unajua hadithi ya ile chauffage kuliko sisi wote.

Kuja uitengeneze.

Mudogo wako,
Masika


Beni, tarehe 9 mwezi wa pili 2023

Mudogo wangu Masika,

Barua imefika. Niliifungua mbele ya Lukumani, maana alisimama pale kama mutu anangoja chakula. Sisi tuko bazima. Joyeuse anakusalimia, batoto pia, na jua ya Beni pia, hiyo haijawahi kugonjwa.

Muguu ingali inauma. Miaka makumi mbili ninaambia bakiriya, "Angalia shimo ya garage!" Kisha mimi mwenyewe ndiye nikatumbukia ndani. Siwezi kuja.

Tena, tuseme kweli. Mwaka wa 2003 nilibadilisha durite moja, ule mupira wa maji, kwa ile gari. Moja tu. Wiki yenye ilifuata, Papa alisimama mbele ya nyumba nzima akasema, "Kasereka ameniulia chauffage." Kisha kila safari ya Alimbongo muko ndani ya mablanketi, na Papa anasema, "Tushukuru fundi wetu." Hata siku ya kumuzika mwaka wa 2011, baridi ilikuwa kali, na mujomba mumoja akaniangalia. Nilikuja kufanya kazi Beni kwa sababu hapa hakuna mutu anaweza kukulaumu juu ya joto. Huku mutu akisema anasikia baridi banamupeleka kupima malaria.

Lakini Mama Faida ni Mama Faida. Alinilisha viazi vyake miaka mingi. Basi wewe utakuwa mikono yangu. Unafundisha batu kushona, na gari ni nguo tu yenye iko na mafuta.

Washa moteur, ungoje ipate moto vizuri. Fungua kapo. Kwa ukuta yenye inatenga moteur na bakaaji, utaona durite mbili nyembamba zinaingia. Moja inapeleka maji ya moto kwa ka radiateur kadogo chini ya tableau, mbele ya dereva, ingine inairudisha. Ventilateur inapuliza hewa juu ya kale ka radiateur, ndiyo joto inafika kwa miguu ya batu. Sasa gusa zile mbili kwa kidole. Gusa, usishike. Kama zote ziko moto, maji inapita, ugonjwa iko kwa njia ya hewa. Kama moja iko moto na ingine baridi, maji imefungwa fasi fulani.

Uniandikie.

Yaya wako,
Kasereka


Butembo, tarehe 14 mwezi wa pili 2023

Yaya,

Habari ya jua yenu? Huku mvua inanyesha toka jumapili, mahindi inashukuru, nguo hapana.

Nilifanya kama ulisema. Moja moto, ingine baridi kama maji ya kisima. Ya moto nilishika, sikugusa, na sasa nashona na vidole tisa.

Tulipowasha moteur, Mama alitoka na blanketi na shapele yake ya kusali, akaingia kwa kiti yake ya mbele, akafunga mulango. Nikamwambia, "Mama, hatuendi, tunapima tu." Akasema, "Pima. Mimi niko fasi yangu." Alikaa nusu saa ndani ya lupango ya nyumba, anaangalia ukuta ya jirani kama mutu anaona milima.

Sasa ya pili. Lukumani anasema alikuona juzi kwa soko, unaruka mufereji na kiloba ya makala ya kupikia kwa bega. Ile muguu ilipona, ao ilikuwa ya mutu mwingine?

Mudogo wako mwenye vidole tisa,
Masika


Beni, tarehe 17 mwezi wa pili 2023

Mudogo wangu,

Pole na kidole. Weka asali, usiweke dawa ya meno kama Papa alikuwa anafanyaka.

Nilijua Lukumani ni posta yetu, sikujua kama ni redio pia. Sawa. Muguu ilipona. Kuna fasi ingine haijapona, na hiyo haifungwi plâtre ya hospitali. Nisikilize: nimeshatengeneza magari ya bapadri, ya basultani ba Lubero, ya batu ba ONG. Kila mara mutu ananiletea gari yenye iko na chauffage, ninaanza na hiyo hata kama alikuja juu ya frein, gari haisimame. Siku moja mukiriya aliniuliza, "Fundi, nani alikuambia niko na baridi?" Nikaingia chini ya gari yake.

Fuata durite ya moto na macho. Mbele ya ukuta utakuta ka robinet kadogo ka chuma, ka kufunga na kufungua maji, na kamba ya chuma inakavuta wakati unasukuma kile kijiti cha tableau. Angalia kama kanafunguka. Kama kutu imekashika, weka mafuta, ungoje siku moja. Nyundo hapana. Moteur iwe ya baridi, na usisahau kuongeza maji kisha kazi.

Na ukikuta ni durite yangu niliingiza vibaya, usinionee huruma. Andika vile iko.

Yaya wako,
Kasereka


Butembo, tarehe 25 mwezi wa pili 2023

Yaya Kasereka,

Nakusalimia, na nakuomba ukae kwanza. Kama Lukumani eko mbele yako, umupe kiti naye, maana hatatoka.

Robinet haikuwa na kutu. Ilikuwa imefungwa. Na fil, waya ya chuma, kwa mukono ya mutu. Mbili kuzunguka, moja kurudi, ncha imefichwa ndani isikwaruze. Mama aliinama akaona, akasema, "Hii ni fundo ya baba yenu ya viloba ya kahawa." Nikaikunjua, nikafungua, tukawasha. Durite zote mbili moto. Durite yako, Yaya, iko muzima kama siku uliiweka.

Mais kwa upande wa Mama hewa haikutoka. Ventilateur inalia, hakuna kitu. Nikalala chini ya tableau na makasi yangu, nikatoa ule mupira munene wenye unapeleka hewa. Ndani kulikuwa kitu. Nikavuta na sindano ya kufuma: kafurushi ka majani ya ndizi, meusi, makavu. Kakafunguka kwa magoti ya Mama.

Vanille, Yaya. Fimbo kumi na moja, ngumu kama misumari. Na harufu ikajaza gari yote.

Unakumbuka ule mwaka. Kila mutu alikuwa na vanille, na kwa kila barrière ya barabara basoldat balikuwa banainyanganya. Papa alikuwa anaficha ile nzuri ndani ya njia ya hewa. Joto ingeiharibu, basi akafunga robinet. Kisha batu ndani ya gari bakauliza baridi inatoka wapi. Alihitaji jibu, na wewe ulikuwa umeweka durite wiki yenye ilitangulia. Kisha uongo ikazeeka, na robinet ikabaki imefungwa.

Mama alinusa fimbo moja moja mpaka moteur ikapoa. Kisha akasema, "Masika, ule mwaka baba yako alikuwa ananukia. Kila kurudi kwa safari, koti yake inanukia vizuri. Nilijua eko na mwanamuke Lubero, anapaka parfum. Sikumupikia lengalenga, mboga yenye alikuwa anapenda, miezi tatu." Akaanza kucheka, akakohoa, akacheka tena. Kisha akalia kidogo, na akagombanisha vanille kwa jina ya Papa.

Anasema nikuandikie hivi, neno kwa neno: "Kasereka, baba yako alikudanganyia mbele ya batu. Mimi nakuambia kweli mbele ya karatasi."

Mudogo wako,
Masika


Butembo, tarehe 13 mwezi wa tatu 2023

Yaya,

Tuko bazima. Sijui juu yako, maana ni siku kumi na sita bila jibu. Lukumani anasema ulisoma barua ukiwa umesimama, ukamuomba maji ya kunywa, kisha ukafunga garage saa ine ya asubuhi. Mama ameniambia nimusomee barua zako zote toka mwanzo. Mara tatu.

Mama Faida haongei sana tena. Jumamosi Jacob atamupeleka Mama, mimi nabaki juu ya mitihani ya kushona ya banafunzi bangu. Chauffage inafanya kazi, ila kamba ya robinet ilikatika nikiivuta, donc inabaki wazi kila wakati. Nilitaka tu ujue.

Masika wako


Alimbongo, tarehe 19 mwezi wa tatu 2023

Mudogo wangu Masika,

Salamu toka kwa baridi. Jacob hakukasirika kupokonywa usukani? Na wewe, ijumaa nilipoingia kwa lupango, ulinipa sahani. Asante. Najua pia kama ile mitihani ya kushona hukuwa nayo. Ulitaka tuende wawili.

Mama Faida eko. Alifungua macho, akanusa Mama, akasema, "Unanukia keki." Toka hapo bameshikana mikono, banasema batu wenye balikufa kama vile banakuja kesho.

Sasa kuhusu safari. Chauffage ilipuliza moto mpaka Lubero, na harufu ya Papa kwa kila upepo. Nilikuwa mutu mwenye furaha kuliko bote kwa ile barabara. Kisha tukaanza kupanda, ukungu ikashuka, na Mama akasema, "Zima."

Nikamwambia, "Mama, munganga alisema."

"Munganga hakuolewa na baba yako. Kwa kona hii ndiyo alikuwa anatoa koti yake ananifunika. Na joto hii yenu, atanifunika kwa sababu gani?"

Nilisimamisha gari. Kilomita zilibaki mbili, nikaona kifua yake itavumilia. Kamba ilikuwa imekatika, lakini ile fil ya Papa uliiacha ndani ya mulango. Nikafungua kapo. Mbili kuzunguka, moja kurudi, ncha ndani. Nilirudi, nikatoa koti, nikamufunika. Akafunga macho, akasema, "Wasingya," ile asante ya kwetu, na sijui alikuwa anamuambia nani.

Basi andika fasi fulani: chauffage ya Papa imekufa tarehe 18 mwezi wa tatu, mbele kidogo ya Alimbongo. Ni Kasereka ameiua. Mara hii ni kweli.

Kwa kurudi nitaifungua.

Yaya wako,
Kasereka