Nimekutoa Kwenye Simu Yao

Jumanne, Julai. Kutwa manyunyu na baridi. Nguo nilizoanika jana hapa Tassia bado mbichi.

Mama,

Nimekutoa. Nakuambia hilo kwanza kwa sababu hukuvumilia mtu anayezunguka. Tangu jana mchana, anayepigia simu ile kampuni ya vifurushi pale sokoni Muthurwa hasikii tena "Karibu sana, mteja wetu mpendwa." Hakusikii wewe.

Unakumbuka siku uliyorekodi? Ulirudi nyumbani kwetu, mtaa wa Tena, ukicheka, vumbi la magunia limejaa kwenye nywele. Kelele za soko zilikuwa zinaingia kila chumba, kwa hiyo ulijifungia stoo katikati ya vifurushi, ukajifunika blanketi kichwani, ukasoma maneno vipande vipande: una, ujumbe, mpya, bonyeza, moja, mbili, hadi tisa. "Nimehesabu kama mtoto wa nasari," uliniambia, "na mle ndani joto la kuua mtu." Ulijivuna, Mama. Ulidhani wamekupandisha. Mwisho wa mwezi meneja akakuita: "Mama Mwikali, sauti yako sasa tunayo. Wewe nenda ukapumzike."

Miaka yote ile kwenye meza ya simu, na kwaheri yako ikawa hiyo.

Kwenye mazishi yako meneja hakuja, wala hakutuma mtu, ingawa Mzee Hamisi wa getini alimfikishia habari. Baba alipopiga simu ofisini kuwapa habari za msiba, uliyepokea ni wewe. "Karibu sana, mteja wetu mpendwa." Simu ilimponyoka mkononi. Baada ya hapo akawa anapiga kila jioni ofisi ikishafungwa, anakusikiliza mpaka useme "tafadhali acha ujumbe baada ya mlio," kisha anakata. Hakuwahi kuacha ujumbe. Angemwachia nani?

Ulikuwa ukiniuliza sauti yako inakaa wapi. Sasa ninafanya kazi kwa fundi wa mitambo hiyo, kule mtaa wa Umoja, na ninaweza kukujibu. Haikai kwenye simu ya mezani. Ndani ya kabati kuna mtambo unaopokea laini zote. Sehemu moja yake humuuliza mpigaji anamtaka nani na kumpeleka kwa namba anayobonyeza. Kila mfanyakazi ana sanduku lake, na chini ya masanduku yote kuna ghala moja linalohifadhi jumbe. Kutoka hapo kuna njia ya kwenda kwenye barua pepe: mteja akiacha sauti, mfanyakazi anaikuta pamoja na barua zake nyingine, na akiisikiliza kwenye kompyuta au kwenye simu ya mkononi, taa ya simu ya mezani inazimika yenyewe. Kila kitu mahali pamoja. Ni kazi nzuri, Mama, naipenda. Usinichukie kwa hilo.

Lakini wewe hukuwa kwenye ghala. Ulikuwa kwenye sauti za mtambo wenyewe, umekatwakatwa, na kila simu ilipolia mtambo uliokota vipande vyako na kuviunganisha. Uko kaburini na bado meneja anakuamsha kazini.

Kisha wakatuita tuwabadilishie mtambo. Fundi akanituma mimi. Meneja hakunitambua, kwake nilikuwa msichana mwenye nyaya. Akaniambia, "Badilisheni vyote, lakini huyo mama msimguse. Wateja wanampenda. Tena siku hizi halalamiki." Akacheka.

Niliendelea kukunja waya.

Nilimuuliza Baba kwanza, maana wa kuumia zaidi ni yeye. Akasema, "Mtoe. Nampigia kwa sababu yuko kule. Siwezi kumwacha peke yake na yule mtu."

Basi jana nikakuhamisha wote, kipande kwa kipande, kwenye flashi yangu. Nikakufuta kwenye mtambo. Nikakufuta pia kwenye nakala ya akiba, maana huko ndiko wangekurudisha. Jumbe za wateja sikuzigusa, wala sanduku la mtu yeyote. Sitaki aseme niliharibu kazi. Halafu nikaenda mpaka mezani kwake nikamwambia, "Huyo mama ni mamangu. Sauti yake ameenda nayo."

Uso wake, Mama! Ningekuwa na namna ya kukuletea ule uso. Alisema atampigia fundi leo hii nifukuzwe. "Mpigie," nikamjibu, "na ukimaliza, tafuta blanketi."

Na alilitafuta. Wateja hawawezi kupokelewa na kimya, na hakuna mfanyakazi aliyekubali kumsomea, kwa hiyo alijifungia stoo mwenyewe. Jioni Mzee Hamisi wa getini alinipigia, hawezi kuongea kwa kicheko. "Mwanangu, amepiga chafya kwenye sita! Vumbi lako lile la magunia!" Na kwa vile mtambo hutumia kipande kilekile kila mahali, kila penye sita pana chafya. Mwenye malalamiko abonyeze sita: chafya. Una ujumbe sita: chafya. Vijana wa mikokoteni wanapiga makusudi. "Wanasema ni lori limekataa kuwaka," akasema Mzee Hamisi. Mara ya kwanza mtambo humwongoza mtu, lakini kufuta na kurekodi upya hajui, na kuniita mimi hawezi. Chafya na ikae hapo mpaka astaafu.

Sijamhurumia. Nimejichunguza leo nzima nikitafuta huruma, sijaiona.

Flashi nilimpa Baba. Ameitia mfuko wa shati, upande wa moyo, na hajauliza inasikilizwaje.

Fundi naye amenipigia asubuhi. Meneja amesema ataendelea na sisi iwapo nitaenda kumwomba msamaha mbele ya wafanyakazi. Fundi anasema ni maneno mawili tu, niyaseme yaishe, la sivyo nisirudi Umoja. Ninaipenda kazi hii, nimeshakuambia.

Pumzika sasa, Mama, na safari hii si kwa kufukuzwa. Ninakuahidi: hayo maneno mawili hatayasikia kutoka kwangu, wala kipande chake. Kesho namrudishia fundi funguo zake.

Mwanao,
Mwikali

Nalala sasa, saa saba kasoro robo usiku.