Filamu Isiyokuwa na Mbaya

Sur, Jumatatu, 10 Machi 2003

Dada yangu mpenzi Khole,

Shikamoo, na shikamoo ya pili ni ya binti yangu, mwanao pia, Khulood, ambaye hajui kusema lakini ameshajua kunivuta kalamu nisiandike. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemegi na watoto, na mguu wako umeshapoa. Sisi hatujambo, Alhamdulillahi. Mama sukari yake imeshuka, ila kelele ni zile zile. Harub mdogo wetu naye anakusalimu sana.

Najua utashangaa kuona nimeandika Sur juu ya karatasi, wakati miezi minane nipo Ibra kwa Mama. Tulia basi nikuhadithie.

Unajua nilikwenda Ibra kujifungua, nikakaa arubaini yangu kwa Mama kama ada yetu. Ilipokwisha, nikavaa, nikajifukiza udi, nikakaa kitako kumngojea mume wangu aje toka Sur kunichukua. Yaarub hakuja. Ikapita wiki, ukapita mwezi, ikapita miezi. Maziwa ya mtoto na nguo anatuma kwa kila gari linalopita Ibra, mwenyewe simwoni. Mama akasema ananitupia vitu kama anayesaidia yatima. Simu nazo zikawa za salamu tu, mtoto hajambo, hajambo, basi kwaheri. Na mie nimwambie njoo unichukue? Nijipeleke mwenyewe? Wallahi nisingeweza, bora nife. Mwisho Mama akakata shauri kwamba Jumamosi iliyopita twende mahakamani nikadai talaka yangu, mambo yeshe.

Jumatano kabla ya siku hiyo, nikitoka soko la wanawake, nilipita kwa Mofiz, yule fundi cherahani wa Kibangladeshi, kuchukua buibui nililomshonesha la kwendea mahakamani. Cheka tu, lakini nilitaka kuachwa nami nimependeza. Nikamkuta hajamaliza mkono mmoja. Akaniomba radhi kwa Kiarabu chake cha kuungaunga, akanipa kiti karibu na kiyoyozi, akasema nisubiri kidogo. Juu ya kabati alikuwa na televisheni, ametia sidii ya filamu ya kwao, Kibengali kitupu.

Dada, sikufahamu hata neno moja, na nilifahamu kila kitu. Nyumba moja, wake wawili na waume wawili, hawa wanakaa juu na hawa chini. Mume wa juu kanunua sari nzuri ya kumshtukiza mkewe, kampa mke wa chini amfichie. Mke wa juu kaiona huko chini, roho imempasuka. Mume wa chini naye kaiona kabatini kwake, akajua mkewe ana mtu. Basi kila mmoja kanuna, kila mmoja analia chumba chake, na mvua inanyesha utadhani mbingu imetoboka. Nilicheka mpaka machozi, na yalipoanza machozi hayakuwa tena ya kucheka.

Muda wote nilikuwa namtafuta mbaya. Unajua filamu tulizozizoea, lazima pawepo mtu wa masharubu anayepanga fitina. Nikangojea, nikangojea, hatokei. Nikamuuliza Mofiz mbaya wa filamu hii ni nani. Akasimamisha cherahani, akafikiri, akanambia hayupo. Wote hawa watu wazuri, akasema, ila hakuna aliyemuuliza mwenziwe.

Subhanallah! Nilihisi kama nimemwagiwa maji ya mfereji wa falaji asubuhi ya baridi. Watu wa mito na mvua, lugha yao siijui, nchi yao sijaiona hata kwenye ramani, nao wamekaa wakayatengenezea filamu mambo yangu! Miezi yote hii mie na Mama tunamtafuta mbaya, na tumeshampata, Yaarub. Na kama hayupo? Nilitoka pale, buibui nimeliacha.

Nikampigia simu wifi yangu Shukriya. Nikameza aibu, nikamuuliza swali moja tu, kwao mzazi akimaliza arubaini anarudije kwa mumewe. Akanambia kwamba kwao, tangu wako Bujumbura, mzazi huletwa na mama yake na jamaa zake, na mume akenda kumdai kabla hajaletwa amewatukana wakwe. Akasema siku ya arubaini na moja walichinja mbuzi, wakaalika majirani, wakakaa mpaka Magharibi. Hatukutokea. Wakadhani wamekosea hesabu ya siku, wakachinja mwengine, wakapika tena Ijumaa ya pili yake. Hatukutokea. Hapo mama mkwe akafunika masufuria, akasema watu wa Unguja, yaani sie, wametuona sisi wa Bara si chochote.

Nikenda kumwambia Mama, nimejitayarisha kwa vita. Kumbe aliposikia amejishika kichwa, akaniuliza wamepika mara ngapi. Nikamwambia mara mbili. Akasema toka azaliwe hajapata kualikwa chakula asende, sasa leo kawaachia watu mbuzi wawili! Alkhamisi asubuhi alikuwa ndani ya gari kabla yangu, halua kaipakata mapajani, anamgombeza Harub kwamba anaendesha kama maiti. Tukapita Bidiya, mchanga unameta upande mmoja, nami siamini kwamba ninakokwenda ni kwangu.

Mama mkwe alitupokea kwa vigelegele. Wazee wawili hao walikumbatiana mlangoni wakalia, hakuna aliyemlaumu mwenziwe. Yaarub alikuja kutoka kazini kwenye kiwanda cha gesi na vumbi lake, akamchukua Khulood, akaugeukia ukuta. Dada, hajanibadilikia hata chembe. Chumba changu kilikuwa kimetandikwa, na kitanda cha mtoto kipo, kakiunda mwenyewe.

Sasa nimefika pale ambapo tangu mwanzo nilikuwa napaogopa. Tulipokaa wawili, Yaarub alinambia kwamba mwezi wa sita tangu niende Ibra alishindwa kuvumilia. Kuwauliza wakwe haya inamzuia, akamfikiria mtu mmoja tu anayeweza kumwambia amekosea nini, nawe ndiye huyo. Akakupigia Unguja. Alipotaja jina lake laini ikakatika. Akapiga tena, ikakatika. Mara tatu. Mpaka leo anazilaumu laini za Unguja.

Si laini, Dada. Najua kwa nini ulikata. Ni kwa barua yangu ya Ramadhani, nilimokwambia Yaarub ana mwanamke hapa Sur. Sikuambiwa na mtu. Sikuona kitu. Nilibuni mwenyewe nikiandika, kwa kuwa nilionea aibu kukwambia kwamba nimeachwa nikae tu, bila sababu. Mwanamke mwengine angalau ni sababu. Mlango pekee alioubisha mume wangu, mie ndiye niliyekuwa nimeutia komeo kwa ndani. Mofiz alisema mbaya hayupo, na katika filamu ile kweli hayupo.

Nisamehe, dada yangu. Kwenye simu nisingeweza kuyasema haya. Barua anaichukua jirani yetu anayesafiri kesho, akasema Jumatano atakuletea mkononi. Yaarub anataka kukupigia Ijumaa baada ya sala akupe habari njema. Mie nitamwambia ukweli Alkhamisi, kabla hajashika simu, na atakachoamua nitakipokea. Kama Ijumaa simu italia, ujue ameshayasikia yote na bado anataka kuzungumza nawe. Usikate.

Wasalimie shemegi na watoto mmoja mmoja, na jirani zetu wote wa zamani wanaonikumbuka. Mama anasema ujikande mguu kwa maji ya moto. Khulood ameshalala, kashika kidole cha baba yake.

Mdogo wako anayekupenda, na anayekungojea,

Ghaniya