Kondoo Abaki Zizini

Nangwa, Hanang
2 Machi 2025

Kwako Kaka Isidori,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Monica na watoto, na wale ng'ombe waliokuwa wanakohoa nadhani wameshapona. Huku kwetu mvua imeanza, maharage yamechipua vizuri, mahindi yanasubiri palizi. Mimi mwili unatembea. Moyoni sijambo ya kusema tu, maana nina hasira, na ukisoma mpaka mwisho utaona kwamba nyingine ni yako.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ninayo. Kwenye simu huwa unanikatisha. Nikifungua mdomo tu unasema sawa Genoveva nimeelewa, kabla sijasema kitu, tena umeweka sauti kubwa nyumba nzima inasikiliza. Karatasi huwezi kuikatisha. Nampa Hermani, jirani yetu, anakuja huko Mbulu kununua vitunguu saumu, na nimemwambia akukabidhi mkononi.

Nimesikia kwamba mzee Nicodemo, baba mdogo wa mume wangu, amekupigia akakuomba kondoo wa kusafisha nyumba yetu. Nimesikia na wewe umekubali, na umeshamchagua yule jike mweusi asiye na doa. Kaka, umekubali nini? Uliuliza kosa langu ni lipi? Ninavyokufahamu hukuuliza. Ulisema sawa mzee nimeelewa.

Basi nikueleze. Tangu mwaka jana Irene wangu alikuwa mzito wa kuamka. Anakunywa maji hayamtoshi, darasani anaomba ruhusa kila kipindi mpaka mwalimu akamwadhibu akidhani anatoroka hesabu. Shingoni ngozi ikawa nyeusi na nene. Sisi tulidhani haogi vizuri, tukawa tunamsugua kwa dodoki mpaka analia. Mwezi wa kwanza alianguka akitoka shule. Mimi na Hilary tukampeleka hospitali, wakampima, wakasema ni kisukari. Mtoto wa kidato cha pili, kaka. Mimi nilizoea kusikia ugonjwa huo kwa wazee tu.

Daktari alikuwa mama mmoja mpole, ana sauti ya chini. Aliniuliza Irene alizaliwa na kilo ngapi, nikamwambia nne na nusu. Akauliza mimi nilikuwa na mwili gani wakati wa mimba, na kama kwetu au kwa kina Hilary kuna mwenye sukari. Kisha akatueleza kwamba mama akiwa mzito sana au sukari yake ikipanda wakati wa mimba, mtoto anaweza kubaki na udhaifu unaokuja kujitokeza baadaye. Akaeleza kwamba damu nayo hurithiwa, na hurithiwa pande zote, kwa baba na kwa mama. Akasema tunavyokula na tunavyoishi sasa navyo vimo, kwa hiyo yapo mengi ya kufanya. Mwisho akasisitiza kwamba hapo hakuna wa kulaumiwa, kilichobaki ni Irene kumeza dawa kila siku, kupunguza uzito, na sisi wote wa pande mbili kwenda kupima. Na mimi nilipimwa hapohapo, na sukari yangu iko juu, hilo silifichi.

Hilary alikuwa amekaa karibu yangu anaitikia kwa kichwa. Tulipofika nyumbani baba yake mdogo akamuuliza daktari amesemaje, na mume wangu akajibu kwamba daktari amesema ni mwili wa mama yake. Basi. Maneno yote yale, akabeba hilo moja, mengine akayaacha kwenye benchi la hospitali.

Wiki hiyohiyo wakakaa kikao. Mzee Nicodemo akatamka kwamba nimeingiza uchafu katika ukoo wao kwa njia ya tumbo, na kwetu lazima walete kondoo na asali nyumba isafishwe. Watu hao Jumapili wanapanga foleni ya komunyo. Lakini kondoo peke yake nisingekuandikia barua ndefu hivi. Aliongeza kwamba nyumba ikishasafishwa Irene aache vile vidonge, kwa sababu kumeza dawa baada ya tambiko ni kulidharau. Na Hilary, baba wa mtoto, akasema tujaribu tuone. Atajaribu nini? Mtoto wangu ni mbegu ya kujaribia shambani?

Ngoja nikukumbushe jambo ambalo wao wamelisahau kwa makusudi. Ulinileta mwenyewe hapa, ukanishikia begi kwa mkono mmoja, na mimi nilikuwa mwembamba kuliko lile begi. Nilipojifungua Patriki, mama mkwe wangu Paskalina alinifungia ndani kama wanavyomfungia kila mzazi. Sikuchota maji, sikushika jembe. Asubuhi uji wa mtama wenye samli, mchana supu ya kondoo na mafuta ya mkia juu yake, jioni maziwa mpaka kibuyu kiishe. Nikisukuma bakuli, mama mkwe anasimama mlangoni ananiambia nikitoka na mifupa watu watasema Hilary ananinyima. Siku ya kutolewa tulikwenda kanisani gauni limekataa kufunga mgongoni, na wanawake wakanisifu. Mzee Nicodemo mwenyewe alinishika mkono mbele ya watu akasema haya, oneni, ukoo wetu unajua kutunza. Kabla mwili ule haujapungua nikapata mimba ya Irene, na samli ikaendelea. Alipozaliwa na kilo zake wakapiga vigelegele hadi kwa majirani.

Mwili huu ni wao, kaka. Wameujenga kwa samli yao, wakajivunia kanisani, leo wanautoza kondoo.

Sisemi damu yetu sisi haina kitu. Unamkumbuka baba na kidonda cha mguu kisichofunga. Unakumbuka tulivyokuwa tunacheka sisimizi wakijaa pale anapokojoa nyuma ya zizi. Tuliambiwa ni laana ya mpaka wa shamba, na wewe mpaka leo humsalimii yule jirani. Nilimsimulia daktari habari ya wale sisimizi, akatikisa kichwa, akasema sukari ya baba ilikuwa inamwagika na mkojo na hakuna aliyejua. Kwa hiyo nakubali nilichorithi. Nisichokubali ni kubebeshwa peke yangu.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo sijamwambia mtu, hata Hilary.

Jumanne iliyopita ilikuwa siku ya kliniki ya Irene. Asubuhi mama mkwe aliaga kwamba anakwenda mnadani kununua chumvi ya ng'ombe. Sisi tukafuata njia yetu, tukapanda bodaboda mpaka hospitali. Kwenye benchi la wagonjwa wa kisukari alikuwa amekaa mwanamke amejifunika shuka mpaka machoni. Irene ndiye aliyemtambua kwa miguu. Alikuwa bibi yake.

Kaka, wewe unakifahamu kile kikopo chake cha ugoro anachokitikisa kila asubuhi, na hakuna anayekigusa kwa kuwa ugoro wa bibi kizee hauguswi. Ndani yake ni vidonge. Anaumwa kisukari tangu kabla sijaolewa. Dawa ninayolazimishwa kumwachisha mtoto wangu ndiyo iliyomfikisha yeye kwenye wajukuu! Na kwenye kile kikao alikuwepo, ameinama, anatikisa kikopo.

Nilitaka kumvua ile shuka mbele ya foleni nzima. Nilishainuka. Lakini Irene alikuwa ameshakaa karibu yake, anamuuliza kama kidole kitaendelea kuuma kila wakipima, na mama mkwe akamfungulia viganja, akamwonyesha ncha za vidole vyake zilivyokuwa ngumu. Akaanza kulia. Akaniambia alinyamaza miaka yote kwa sababu alijua wakigundua watasema yeye ndiye aliyeingiza uchafu, kama wanavyonisema mimi. Kumbe ile samli alikuwa ananipa ili nionekane mzima, kwa vile kwao mwanamke anayekonda ndiye anayeanza kushukiwa. Nilimsikiliza. Hasira haijaniisha, ila sasa sijui niielekeze wapi yote.

Ameniahidi kwamba kikao cha Jumamosi ijayo atasimama na kumwaga vile vidonge mbele ya mzee Nicodemo, aseme damu hii ni ya nyumba yao pia. Lakini ameniambia ukweli wake: kondoo akishaingia mlangoni atanyamaza. Kwao kondoo akipokelewa jambo limefungwa, na yeye hana moyo wa kulifungua tena. Umeelewa sasa umekubali nini? Ukimleta yule jike mweusi umenitia hatiani kwa mkono wako, umemziba mdomo mama mkwe, na Jumapili yake wanachukua dawa za mwanangu.

Kwa hiyo kondoo abaki zizini. Asali kunyweni na wifi, au heri msinywe. Njoo wewe mwenyewe mikono mitupu, na uje Ijumaa, siku moja kabla ya kikao, twende wote hospitali. Usinywe chai asubuhi hiyo, wanataka mtu mwenye tumbo tupu. Usiniambie wewe ni mzima. Lile tumbo unalolipapasa ukisifiwa sokoni, baba naye alikuwa nalo kabla ya kidonda.

Nisalimie sana wifi Monica na watoto wote, na majirani, na yule wa mpakani pia msalimie kwa niaba yangu, hakumfanyia baba kitu. Patriki hajambo, anakuamkia. Irene naye anakupa shikamoo, mjomba wake. Anakumbuka Krismasi ulipolala kwetu alikujazia jagi la maji jioni, na asubuhi akalikuta tupu. Anauliza kama nawe huwa unaamka usiku kukojoa mara nyingi. Sikumjibu. Nimemwambia unakuja Ijumaa.

Ni mimi mdogo wako,
Genoveva