Injini ya Raimo

Aune, usinipigie. Andika tu.

Nilienda bandani kwa jirani yangu Raimo kuazima grisi, niipake injini ya boti yangu na kuihifadhi kabla ziwa halijaganda. Hakuwepo. Injini yake nikaikuta imelazwa sakafuni chini ya blanketi.

Imelazwa, Aune. Nani huku kwetu anailaza injini msimu huu? Husimamishwa ili maji ya ziwa iliyoyavuta yatoke; yakibaki ndani yanaganda, yanaipasua.

Basi nikaisimamisha, mazoea tu. Maji yakanimwagikia viatuni. Yalikuwa ya vuguvugu.

Si jana tu alituambia, "Boti nimeitoa majini wiki iliyopita, mke wangu Hilkka kaenda kwa dada yake"? Dada mtu kanipigia asubuhi, ananiuliza mbona Hilkka hajafika.

Wiki iliyopita, anasema. Na maji ya vuguvugu, kama ya injini iliyozimwa sasa hivi.

Nikakimbia nyumbani. Sasa Raimo yuko mlangoni kwangu, anaongea kwa upole kabisa. "Sirkka, mama, ni wewe umesimamisha injini yangu?"

Nimemjibu nikiwa ndani kwamba leo sijatoka kabisa.

Namwona dirishani, ameinama.

Viatu nimeviacha hapo nje, Aune. Bado vinachuruzika.