Lori Lako Linagonga, Mdogo Wangu

3 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, miaka themanini na moja. Nimewazika wake wawili, nimewazika mafundi wote walionifundisha kazi, na injini ambazo watu waliapa hazifi nimeziona zikiuzwa kwa kilo kama vyuma chakavu. Wewe hujambo? Mgongo vipi?

Lori lako linagonga. Jana dereva wako alisimama hapa kibandani kunywa chai, akaacha injini inanguruma. Akanifungulia boneti. Nikaweka ncha ya bisibisi yangu ndefu kwenye bloki ya injini, mpini nikauuma kwa meno. Ndiyo, meno. Masikio yaliyonipa jina yamekufa, wewe mwenyewe ulitangaza siku uliponitoa kwenye gereji niliyoijenga: "Kiziwi huyu atatuharibia magari ya watu." Wateja wakacheka. Lakini mlio wa chuma hupita kwenye mfupa, na meno ninayo yote isipokuwa lile ulilonivunja tukiwa wadogo.

Mafuta yakiwaka kabla ya wakati wake, injini hulia kama misumari ndani ya kopo, tena zaidi ikipanda mlima na mzigo. Lako si hilo. Lako ni zito, kama mdai anayepiga mlango kwa ngumi, na ukikanyaga mafuta naye anaharakisha. Beringi imelika, ile inayoshika konrodi, mkono wa pistoni, kwenye kranki. Pistoni ikisukuma, konrodi inacheza, chuma kinapiga chuma. Lizime. Lisiende hata sokoni.

Barua hii fundi pancha ameisoma kwa sauti hapa kibandani kabla sijaituma. Watu wajue nimekwambia.

Kaka yako,
Masikio

9 Machi

Kaka,

Shikamoo. Sisi wazima, mgongo nauguza hivyo hivyo. Barua imefika, ila umbea umeitangulia. Sasa kwa nini uwasomee watu? Nikilizima lori leo, mtaa mzima utasema nafundishwa kazi na mzee anayeng'ata bisibisi. Fundi wangu amelipima kwa kompyuta, anasema ni mafuta mabaya tu. Tumehama kituo cha mafuta, tumebadili na oili, na kelele imepungua. Pumzika, kaka. Meno yako yatumie kwa mkate.

Mdogo wako

14 Machi

Mdogo wangu,

Mimi mzima, na mkate nautafuna vizuri, ahsante. Mgongo upake mafuta ya moto.

Kelele haijapungua. Mmetia oili nzito, nayo imemziba mgonjwa mdomo. Ujanja huo nilikufundisha mimi, ukiwa bado unashika spana kinyumenyume. Na hii nayo imesomwa kibandani. Wamecheka sana hapo pa mkate, nikaambiwa.

Haya, endesha.

Masikio

2 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Lori limekufa mlimani na kokoto za watu mgongoni. Konrodi imetoboa bloki, oili imetapakaa barabarani. Dereva mzima. Injini si ya kutengeneza tena. Wateja wanapita getini wananiuliza, Masikio yuko wapi?

Ulijua. Uliandika kwa majivuno yale ukijua sitakusikiliza. Njoo, kaka. Geti liko wazi.

Mdogo wako

5 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimefurahi dereva mzima, yeye hakunikosea.

Ndiyo, nilijua. Nimekulea, kaptula zako za shule nilizifua mimi. Ukiambiwa kweli pembeni, unashika. Ukiambiwa mbele za watu, unafanya kinyume hata kama ni kujiumiza. Ningekunong'oneza ungelizima lori siku ile ile. Sikunong'oneza. Nilikupa kweli tupu, kwa sauti, nikakaa kunywa chai. Tamu ajabu.

Gereji nitarudi. Lakini unifuate wewe, kwa miguu, hapa kibandani, asubuhi watu wakiwa wamejaa. Useme ulivyonikosea. Tena upaze sauti, upige kelele hasa, maana mimi kiziwi, si ulisema? Nisiposikia utarudia. Na bisibisi ya kusikilizia siitoi mfukoni.

Atakayesema sikukuonya, amuulize fundi pancha aliyesoma. Amuulize mama wa chai, aliyesikia huku anapanga vikombe. Amuulize dereva wako aliyenifungulia boneti. Na hao wote wakikana, akachungulie tundu kwenye bloki.

Kaka yako,
Masikio