Kaka, Nimetangazwa Mufilisi

Kaka Elia,

Shikamoo. Sina namba yako inayopatikana, na kila anayesema amekuona anataja mji mwingine: mara Kahama, mara Geita, mara Tunduma mpakani. Ndiyo maana nimeamua kukuandikia hapa gazetini, mbele za watu. Aibu ya kusomwa nimeshaizoea, utaona kwa nini.

Unakumbuka siku tulipoileta mashine ya kukamua alizeti pale Shelui? Gari lilikwama kwenye mchanga nyuma ya soko. Ukavua viatu, ukawafuata madereva wa malori waliokuwa wanakula wali kando ya barabara, ukawatania mpaka wakaacha sahani zao wakaja kusukuma. Mimi nilisimama pembeni nakulalamikia suruali yako mpya. Ukanijibu, "Mwaka huu tunatoka, mdogo wangu. Mama atapikia mafuta ya kwake." Na kweli alipikia. Msimu ule tulirudi nyumbani Kinampanda na madumu mawili, baba akachovya kidole, akaonja, akasema yana harufu ya shamba lake. Sijawahi kujivunia kitu kama nilivyojivunia siku ile.

Leseni, kiwanja na mikopo vyote vilikuwa kwa jina langu, maana mimi ndiye niliyekuwa na hati. Wewe ulikuwa na mdomo. Wakulima walikuachia magunia yao kwa neno lako tu, wakisubiri mafuta yauzwe ndipo walipwe. Halafu ukaja msimu ule tulionunua mbegu bei ikiwa juu, na kabla madumu hayajatoka ghalani bei ya mafuta ikaporomoka. Tukakopa kwa watu wa kausha damu, wale wa riba kubwa, ili tupeleke rejesho la benki, kisha tukakopa kwenye kikundi changu cha kukopeshana ili tuwatulize wa kausha damu. Ukawa huli, unakaa mlangoni kwa mashine unatazama barabara. Asubuhi moja nikakuta banda limefungwa, na ufunguo umeuacha kwa mama ntilie wa jirani. Nilimuuliza umesema nini. Akaniambia hukusema kitu, ulikunywa chai, ukamlipa, ukaondoka.

Nilikuchukia, kaka, sikufichi. Wadai walikaa mlango wa mbele, mimi natokea wa nyuma huku nakutukana moyoni. Wenzangu wa kikundi, niliosuka nao nywele na kucheza nao upatu, walikuja wakabeba kabati na godoro, wakitazama chini. Sikuwalaumu, walikuwa wamenidhamini. Nikawa naenda sokoni giza likiingia, na kanisani nakaa benchi la mwisho ili nitoke kabla ya baraka. Simu ikiita, naizima bila kuitazama. Nikaanza kukuelewa, na hilo lilinitisha kuliko madeni yenyewe, kwa sababu na mimi nilishaanza kuuliza nauli ya basi la Mwanza.

Sasa nikuambie ambalo sikutaka ulisikie kwa njia hii. Baba amefariki. Aliugua muda mfupi, akatutoka akiwa kitandani kwake, mama kamshika mkono. Tumemzika Kinampanda, upande wa juu wa shamba. Ulipofika wakati wa kutupia udongo, mwongozaji wa maziko aliita, "Mtoto wa kwanza wa marehemu." Watu wakageuka wakatazama njia, kana kwamba unaweza kuwa unapanda. Akaita mara ya pili. Baba mdogo akanisukuma taratibu begani, nikaenda nikaushika udongo wako, kisha nikaushika wangu.

Baada ya hapo baba mdogo alisimama kusema yale yanayosemwa kila msiba: kama kuna mtu anamdai marehemu, asione haya, aje aiambie familia. Mama mmoja akanyoosha mkono, akasema baba alichukua jogoo kwake, hakuwahi kumlipa. Baba mdogo akatoa pesa mfukoni, mama yule akashukuru, watu wakaitikia vizuri, tukaendelea. Hakuna aliyemdharau baba. Nilisimama pale nikajiuliza kwa nini maneno yale tunamsemea aliyekufa tu. Mimi nilikuwa hai, nadaiwa na nusu ya Shelui, na hakuna aliyesimama kusema wanaonidai waje tuzungumze. Nikaona ni lazima nisimame mwenyewe.

Nilikwenda Singida Mjini kwa msaidizi wa kisheria, dada mdogo tu, ana sauti ya upole. Nilimwambia niko tayari kwenda jela. Alicheka kidogo, akanipa maji. "Dada yangu, kufilisika siyo jinai," alisema. "Unaiomba mahakama ikae katikati yako na wanaokudai. Ulichonacho kinauzwa, wanagawana. Unachotakiwa ni kusema ukweli wote, usifiche hata kiti." Akaniambia pia kwamba itatangazwa, na jina langu litachapwa gazetini watu wote walione. Hapo ndipo nilipotaka kuinuka niondoke.

Nilirudi nikamweleza mama. Akaniuliza, "Na la mzee wenu litaandikwa?" Nikamwambia ndiyo, ndilo jina langu la pili. Aliendelea kuchambua mboga mpaka zikaisha. Kisha akasema kwa Kinyiramba, nami nakuandikia kwa Kiswahili: "Mzee wenu kasemwa juu ya kaburi lake kwamba anadaiwa jogoo, na hakuna aliyecheka. Nenda."

Kabla ya kwenda mahakamani niliwafuata wakulima mmoja mmoja, niwaambie kwa mdomo wangu kabla hawajaambiwa na wengine. Wapo walionifokea mbele ya watoto wao. Mmoja hakunifungulia, ingawa nilimsikia ndani anakohoa. Mzee Mkumbo alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Mwenzio yuko wapi?" Nikasema sijui. Akasema, "Angekuja mwenyewe siku zile, ningemtukana vizuri, halafu angekula hapa." Nilitoka pale nikalia njia nzima, kwa sababu ulikimbia watu ambao wengine walikuwa na hasira ya siku moja tu.

Mahakamani niliulizwa, nikajibu. Sikukutaja kwa ubaya. Nilisema karatasi nilisaini mimi, nikiwa na akili zangu, na ndiyo kweli. Nikatangazwa mufilisi. Neno lenyewe ni zito, kaka, nilihisi kama wanamtaja mtu mchafu. Gazeti lilipotoka, lilipita mkono kwa mkono pale stendi. Kijana mmoja wa bodaboda aliniita, "Mufilisi, twende?" Nikapanda. Alidai nauli kabla ya kuwasha pikipiki. Mwenye duka aliyekuwa ananipa chumvi na sabuni nilipe baadaye, siku hizi ananitazama mkono kwanza. Kanisani kuna anayenisalimia kwa huruma iliyozidi, na hiyo inauma kuliko matusi.

Mashine waliibeba asubuhi. Wanunuzi waliifungua nati baada ya nati, nikawa nawaonyesha ile moja uliyokuwa unaipiga nyundo ikikataa. Kiwanja nacho kimeuzwa. Kila anayenidai amepata kidogo, si chote, na wengine hawatanisamehe. Sasa nauza vitunguu vya mwanamke mwingine, kwa mafungu, naye ananilipa kwa siku. Siruhusiwi kukopa bila kusema kwamba mimi ni mufilisi, na sina hamu. Sina la kujisifia. Ila nalala. Mtu akibisha hodi naitika, na kanisani nasubiri baraka mpaka mwisho.

Sijui kama nimekusamehe. Siku nyingine nadhani tayari, kisha nakumbuka ule udongo nilioutupa kwa niaba yako, hasira inapanda upya. Ukija nitakufokea, jiandae. Mama yeye hana hasira hata kidogo. Gari linalotoka upande wa Nzega likisimama barabarani siku akiwa kwangu, anatoka nje, anasimama mpaka wote wameshuka, anarudi ndani. Amekonda. Juzi aliniuliza kama mtu asiyejulikana alipo anaweza kufanyiwa matanga. Nilijifanya sikusikia.

Walionidai mimi, na walioamini neno lako, wote wameitwa, wamesikilizwa, wamepewa kilichokuwepo. Hakuna hata mmoja anayekutafuta tena, Elia. Tuliobaki kukutafuta ni mama na mimi.

Ubaki salama huko uliko, mpaka tuonane.

Mdogo wako aliyekufuata ziwa.